Fahamu: Afasia hupimwaje kwa wasemaji wa Kikantoni?

Afasia ni hali ya kupoteza uwezo wa lugha baada ya ubongo kudhurika, mara nyingi kwa kiharusi. Aghalabu mtu anajua anachotaka kusema, ila maneno hayaji.

Huko Hong Kong, wanakozungumza Kikantoni, haitoshi kutafsiri tu mtihani wa Kiingereza. Kikantoni kina toni sita. Silabi "si" ikitamkwa kwa sauti ya juu iliyotulia ni shairi, ikipandishwa ni historia, ikibaki katikati ni kujaribu. Kisha kuna vineno vya mwisho wa sentensi vinavyobeba mshangao, swali au msisitizo. Kipimo kisichovijali hivyo kinamwonea mgonjwa.

Lakini hata kipimo cha kutaja picha, kama za kikombe na ufunguo, hakituambii kama mtu ataweza kuagiza chai. Ndiyo maana napenda njia iliyobuniwa Uholanzi, iitwayo ANELT kwa kifupi. Mgonjwa anaonyeshwa shati lililounguzwa kwa dobi, anaulizwa: utasemaje? Akijibu "shati... moto... nyinyi... lipa", sarufi imevunjika ila ujumbe umefika, na hicho ndicho kinachopewa alama. Mazungumzo kama hayo lazima yatoke katika maisha ya Hong Kong yenyewe: mkahawani, sokoni, kwenye simu na mwanawe.

Ukiwa na ndugu mwenye afasia, mpe muda. Usimmalizie sentensi kabla hajakuomba.