Afya: Mshtuko wa moyo unashika hata vijana, si kila kifo cha ghafla ni sumu

Katika miji ya Mashariki mwa Congo, kijana akianguka ghafla na kufa, matanga hayajaanza watu wameshatafuta aliyemroga ao aliyempa karuho. Uadui unazaliwa kati ya majirani, hata ndani ya familia moja. Wachache ndio wanauliza kuhusu moyo, kwa kuwa wengi wanauhesabu kuwa ugonjwa wa wazee.

Iker Casillas, kipa aliyeinua Kombe la Dunia Afrika Kusini mwaka 2010, alikuwa na miaka 37 aliposhikwa na mshtuko wa moyo mazoezini, huko Porto, tarehe 1 Mei 2019. Alifikishwa hospitali haraka, akapona. Tusimchanganye na Mkameruni Marc-Vivien Foé, aliyeanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003 akiwa na miaka 28: yeye alikuwa na ugonjwa wa misuli ya moyo. Kwenye mshtuko, mshipa unaolisha moyo ndio unaziba, mara nyingi kwa damu iliyoganda juu ya mafuta, na nyama ya moyo inaanza kufa.

Kwa vijana, sigara ndiyo ya kwanza kushitakiwa. Lakini OMS inasema kwamba mwaka mmoja baada ya kuiacha, hatari inashuka hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji. Kuna pia kisukari, unene, kokeini, na mafuta mengi katika damu, ambayo wengine wanarithi kwa wazazi hata wakiwa wembamba.

Presha ndiyo yenye hila, maana haiumi. Karibu nusu ya watu wazima walio nayo duniani hawajui. OMS inaomba mtu asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kidogo cha chai. Mpenzi wa makayabu yasiyolowekwa vizuri anafika huko upesi. Kipimo kikionyesha 140 kwa 90 mara kadhaa, ni lazima kuonana na muganga.

Maumivu yanayokandamiza kifua, yakienda mkono wa kushoto, mgongo ao taya, pamoja na jasho baridi na pumzi fupi, yasitibiwe nyumbani kama vidonda vya tumbo. Kwa wanawake, wakati mwingine ni kichefuchefu na uchovu tu. Mgonjwa akae, asitembee, na gari itafutwe palepale, hata usiku.