Ukuta wa Josho na Nguvu ya Dawa

Wakazi wa mijini hulijua bwawa la kuogelea la binadamu. Wafugaji wa Mbulu na Hanang hulijua zaidi lile la ng'ombe, yaani josho. Mnyama hutumbukia upande mmoja, huogelea katika maji yenye dawa ya kuua kupe, kisha hupanda ngazi upande wa pili na kusimama kwenye sakafu ya kuchuruzia, ambako dawa hurudi joshoni.

Kupe mmojawapo hueneza vimelea vya ndigana kali, ugonjwa unaoua ndama wengi. Hivyo nguvu ya dawa ni jambo la uhai, na mlinzi wake mmoja ni ukuta ulioinuliwa kandokando ya josho.

Kazi ya kwanza ya ukuta ni kurudisha dawa inayoruka. Ng'ombe wa kilo 300 akizama husukuma maji yapatayo lita 300. Kwa hiyo ukuta huwa mrefu zaidi mahali pa kutumbukia.

Kazi ya pili ni kuzuia maji ya mvua yatiririkayo ardhini. Tufanye hesabu. Josho lina lita 12,000 za dawa, na ukuta wake umebomoka. Mvua ya milimita 20 inanyesha juu ya mita za mraba 150 zinazoteremkia josho. Hizo ni lita 3,000. Zikiingia zote, josho litakuwa na lita 15,000, na dawa itabaki na nguvu ya nne ya tano tu. Mfugaji huamini kwamba ameogesha, kumbe kupe wenye uwezo wa kustahimili dawa husalia na kuzaa kizazi chenye usugu. Josho likifurika, dawa huelekea korongoni, na dawa nyingi za kupe ni sumu kali kwa samaki.

Kazi ya tatu ni kuwakinga watoto na ndama wasitumbukie.

Basi kabla ya masika, kamati ya josho na izibe nyufa kwa saruji, ichimbe mfereji wa kukinga maji upande wa mlimani, na ielekeze nje mvua iangukayo kwenye sakafu ya kuchuruzia. Aidha, kina kipimwe kabla na baada ya mvua. Kikiwa kimeongezeka, asiogeshwe mnyama mpaka mtaalamu wa mifugo aelekeze kiasi cha dawa ya kuongeza.