Ng'ombe Kumi, Pikipiki Moja

Pikipiki yangu ilinunuliwa kwa ng'ombe kumi. Kabla ya ukame wangetosha wanne. Ilikuwa mwaka 2022, mvua zimetunyima msimu baada ya msimu, na baba akaamua kuwauza wakiwa bado wanasimama. Alinikabidhi ufunguo bila neno, akaenda kufunga zizi tupu.

Steji yetu ya bodaboda hapa Masalani, Ijara, iko chini ya mgunga. Tuko wanane, wote watoto wa wafugaji. Mmoja anasubiri kazi ya askari wa wanyama Ishaqbini, hifadhi ya jamii inayolinda hirola, swala adimu wanaokadiriwa kubaki chini ya 500 duniani. Mwingine ana shahada, na abiria wa Kotile tunagombania naye.

Wazee husema vijana wa leo hawataki kuchunga. Tunataka mifugo na simu, vyote viwili. Tunachokosa ni uhakika. Kwetu Ijara, ng'ombe akifa hayaendi maziwa peke yake. Huenda na mahari, na sauti yako barazani.

Ndiyo maana wengine hutafuna miraa hadi alfajiri. Usingizi ukitoroka, mawazo hupata pa kulala. Sisi tumejiwekea desturi: asiyeonekana steji siku mbili, tunamfuata kwao. Hatumhubirii. Tunaketi mkekani, tunakunywa chai ya maziwa, tunangoja aseme.

Mwezi uliopita walinifuata mimi. Mama alichemsha birika mbili kabla sijafungua mdomo.