Saa ya Kuwasha Mishumaa ya Sikukuu katika Sheria ya Wayahudi

Siku ya Wayahudi huanza jua linapokuchwa. Jambo hili si geni kwa msemaji wa Kiswahili cha pwani, ambaye kwake usiku wa Ijumaa, kwa matumizi ya zamani, ni ule utanguliao mchana wa Ijumaa. Wala hatashangaa akikuta katika Talmudi kwamba saa sita ya mchana ni adhuhuri, maana naye huhesabu vivyo hivyo.

Lakini kuchwa kwa jua si kitu kimoja. Baina ya kuzama kwake na kuonekana kwa nyota tatu kipo kitambo ambacho jina lake la Kiebrania lina maana ya "baina ya majua", na wanavyuoni hawakukata shauri kama ni mchana au ni usiku. Hata mwisho wake una hitilafu. Rabbenu Tam wa Ufaransa, aliyekufa mwaka 1171, alisema kwamba usiku kamili haufiki mpaka upite muda wa kutembea mili nne tangu jua kuzama, nao wengi huukadiria kuwa dakika 72. Rabi Eliya wa Vilna (1720–1797) aliikataa rai hiyo. Kwake yeye shaka huanza mara jua linapopotea machoni.

Katika usiku wa Sabato shaka hii haileti taabu kubwa, kwa sababu njia ya kuikwepa ni moja tu. Torati yakataza kuwasha moto siku ya Sabato (Kutoka 35:3). Basi mishumaa huwashwa mapema. Desturi iliyoenea ni dakika 18 kabla ya jua kuzama, na katika Yerusalemu ni dakika 40. Aliyechelewa hawashi tena. Siku ya Upatanisho nayo hufuata hukumu hiyo hiyo.

Sikukuu nyingine zina hukumu ya namna nyingine. Kutoka 12:16 yaruhusu kazi ya kutayarisha chakula, na kutokana na ruhusa hiyo wanavyuoni walihalalisha moto kwa mahitaji mengine ya sikukuu pia. Hata hivyo hapana ruhusa ya kuzua moto mpya. Kupiga kiberiti hakufai. Kuhamisha mwako kutoka katika moto uliokwisha kuwaka kwafaa. Ndiyo maana nyumba nyingi huacha taa au mshumaa mrefu ukiwaka tangu kabla ya sikukuu kuingia. Basi, usiku wa kwanza wa Pasaka, kwa mfano, mwenye nyumba aweza kuwasha kabla ya magharibi, au kungoja mpaka watu warudi kutoka sinagogi, na yote mawili ni halali.

Uhuru huo ndio uliozaa mjadala, na katika mjadala huo yasikika sauti ya mwanamke, jambo lililo nadra katika vitabu vya sheria vya karne zile. Rabi Yehoshua Falk wa Lwów alikufa mwaka 1614. Mwanawe, katika dibaji aliyoiandikia kazi ya baba yake, alihifadhi rai za mama yake, Beila. Beila aliona kwamba mishumaa ya sikukuu iwashwe kabla sikukuu haijaingia, kama ya Sabato. Tena aliuliza juu ya baraka. Kwa kawaida baraka hutangulia tendo. Lakini usiku wa Sabato wanawake wa Ulaya ya mashariki huwasha kwanza, kisha husoma baraka, kwa kuwa akisha kuisoma mwanamke amekwisha kuipokea Sabato, na moto umekuwa haramu kwake. Siku ya sikukuu moto si haramu; kwa nini basi baraka isirudi mahali pake, mbele ya tendo? Rabi Abraham Gombiner, katika karne ya 17, hakukubali kutenganisha siku na siku. Rabi Ezekiel Landau wa Prague (1713–1793) alisimama upande wa Beila. Hoja yake ni ya nguvu, maana yaufuata msingi wa sheria, si sura ya desturi.

Usiku wa pili hauna uhuru huo. Nje ya nchi ya Israeli sikukuu huadhimishwa siku mbili, na Mwaka Mpya ni siku mbili kila mahali. Haifai siku ya kwanza kuitumikia ya pili. Basi mishumaa haiwashwi mpaka usiku uingie kweli, labda itakiwe kwa nuru ya jioni ile ile. Saa ambayo jana yake ilikuwa ya kuharakisha, leo ni ya kungoja.

Na kalenda huyatatiza hayo. Sikukuu ikiangukia Ijumaa, mishumaa ya Sabato huwashwa kabla ya jua kuzama, kutoka katika moto uliopo, na chakula maalumu huwa kimetengwa tangu mkesha wa sikukuu ili matayarisho ya Sabato yafae. Sikukuu ikiingia Sabato inapotoka, mwanamke hungoja giza, husema maneno mafupi ya kumhimidi Mungu atengaye kitakatifu na kitakatifu, ndipo auchukuapo moto katika taa iliyokesha na kuwasha.