Swichibodi ya Chama kwa Programu Huria

Ofisi ya chama yenye katibu, mhasibu, ghala na mizani huhitaji simu zaidi ya moja. Zamani haja hiyo ilitimizwa kwa kununua swichibodi, yaani mtambo unaopokea laini chache za nje na kuzigawa kwa namba nyingi za ndani. Mtambo huo ulikuwa ghali, na ulipoharibika ilibidi aitwe fundi wa kampuni iliyouuza. Leo kazi ile ile yaweza kufanywa na kompyuta ya kawaida iliyowekewa programu iitwayo Asterisk.

Programu hiyo ilianzishwa mwaka 1999 na Mark Spencer, kijana wa Alabama, Marekani. Alikuwa na kampuni ndogo ya kuwasaidia watumiaji wa Linux, akakosa fedha za kununua swichibodi, akaamua kuitunga mwenyewe. Kisha akaitoa kuwa programu huria: kila mtu aweza kuichukua, kuichunguza ndani na kuirekebisha bila kulipa ada ya leseni.

Vifaa vinavyotakiwa ni vichache. Kwanza ni seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana, yenye Linux na betri ya akiba. Pili ni simu za mezani zinazofuata kanuni iitwayo SIP. Tatu ni laini ya nje kutoka kampuni ya simu, inayopita katika intaneti. Mazungumzo mamoja ya nje huweza kutumia karibu kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. Hivyo mazungumzo matano kwa pamoja yahitaji karibu 450. Simu za ndani ya jengo hazipiti katika intaneti wala hazilipiwi.

Fundi huchagua toleo linalotunzwa kwa muda mrefu, ambalo hupata marekebisho ya usalama kwa miaka mitano. Mipangilio hukaa katika mafaili mawili makuu ndani ya /etc/asterisk. La kwanza, pjsip.conf, huorodhesha simu na maneno yake ya siri. La pili, extensions.conf, hueleza kila namba inapopigwa ifanyeje. Kwa mfano:

exten => 101,1,Dial(PJSIP/katibu,20)
same => n,Dial(PJSIP/mhasibu,20)

Maana yake ni kwamba namba 101 ilie kwa katibu sekunde 20. Asipoitika, iende kwa mhasibu. Fundi ajihadhari na maelekezo ya zamani yanayotaja sip.conf, kwa kuwa njia hiyo iliondolewa katika toleo la 21 la mwaka 2023.

Hadi hapo kazi ni nyepesi. Hatari iko kwingine. Seva iliyo wazi kwenye intaneti hutafutwa na wezi wenye programu za kubahatisha namba na maneno ya siri usiku kucha. Wakikuta namba 101 ina neno la siri 101, huingia na kupiga simu nyingi kwenye namba za gharama kubwa za nchi za mbali, ambazo wao hugawiwa sehemu ya mapato yake. Aghalabu hufanya hivyo usiku au sikukuu, ofisi ikiwa imefungwa. Ankara huja kwa chama, kwa sababu simu zimetoka katika mtambo wake. Fedha zinazopotea ni jasho la wanachama.

Kwa hiyo kabla mtambo haujaanza kazi, kamati ihakikishe mambo yafuatayo:

1. Kila simu iwe na neno la siri refu lisilokisika, na lisifanane na namba yake.

2. Simu za nchi za nje zifungwe katika extensions.conf, zifunguliwe kwa idhini ya kamati tu.

3. Seva ikubali mawasiliano ya kampuni ya simu na ya ofisi peke yake. Iongezwe programu ya Fail2ban, ambayo humfungia anayekosea neno la siri mara kwa mara.

4. Laini ya nje ilipiwe kabla ya matumizi, au iwekewe kikomo.

5. Katibu asome kila wiki orodha ya simu zilizopigwa, ambayo mtambo huweza kuiandika katika faili Master.csv. Mali bila daftari hupotea bila habari.

6. Nakala ya mipangilio ihifadhiwe nje ya seva, na neno la siri kuu liwekwe katika bahasha iliyofungwa ndani ya sanduku la fedha. Fundi akiondoka, libadilishwe siku hiyo hiyo.

Programu hii haina bei, lakini uangalizi wake una bei. Chama kinachokusudia kuitumia hakina budi kuingiza gharama za fundi na matunzo katika makisio ya mwaka, na kuyafikisha mbele ya mkutano mkuu kabla ya kununua hata simu moja.