Kilicho Hai Chini ya Jeraha

Katika Soko la Burma, kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, mzigo wa nyama huenda mgongoni. Mchukuzi akianguka vibaya, au akigongwa na matatu, anaweza kuvunjika uti na kupooza miguu. Jamaa zake wakisikia kuna kifaa cha umeme kinachopandikizwa mgongoni na kumsimamisha aliyepooza, wana haki ya kuuliza kinaponya nini.

Jeraha lenyewe hakiliponyi. Ndani ya uti hupita ugwe wa neva unaoteremsha amri za ubongo. Jeraha huikata njia hiyo, ila neva zilizo chini yake, zinazoendesha mapaja na nyayo, mara nyingi zi hai. Zimekosa amri tu. Daktari hulaza kibamba chenye elektrodi juu ya utando wa ugwe, na betri hufichwa chini ya ngozi. Umeme wake huchochea neva za hisia zinazoingia ugweni, nazo huziamsha zile za mwendo. Baadhi ya waliopooza kabisa, kwa vipimo vya daktari, bado wana nyuzi chache zilizonusurika. Zikiongezewa umeme huo, amri hafifu ya ubongo hufika.

Mwaka 2011, timu ya Susan Harkema, Louisville, Marekani, ilieleza jinsi Rob Summers, aliyegongwa na gari, alivyosimama kwa kifaa cha elektrodi 16. Kufikia 2018 wengine walikuwa wakipiga hatua. Kinachosahaulika ni kwamba Summers alifanyishwa mazoezi ya viungo miezi 26 kabla ya kupandikizwa.

Nairobi mambo hukwama hapo kwenye mazoezi. Hospitali ya taifa ya majeruhi wa uti ipo Hurlingham, na vitanda vyake ni vichache mno kwa nchi nzima. Mwaka 2012 Zack Kimotho alianza safari ya kiti cha magurudumu kuelekea Afrika Kusini ili Wakenya wachangie kituo cha kuwarekebisha majeruhi. Asiyepata huduma hiyo hulemewa na vidonda vya kulala na maambukizi ya mkojo, misuli ikinyauka. Kwa mwili uliofika hapo, elektrodi zina kazi ndogo.

Tena kutembea si lazima kuwe hamu ya kwanza. Katika utafiti wa Marekani wa 2004, waliopooza mikono na miguu walitanguliza mikono. Waliopooza miguu pekee walitanguliza tendo la ndoa.

Kwa kuwa kifaa hakiponyi jeraha, tiba huanzia sokoni. Aliyeanguka asinyanyuliwe kwa makwapa na miguu, wala asikalishwe apewe maji. Aachwe alivyolala, kichwa kishikwe kisigeuke, na ikibidi kumhamisha, watu kadhaa wamwingize kwenye ubao kwa pamoja.