Homa nyuma ya safari: kwa nini labo inauliza ulitoka wapi

Wachuuzi wa Butembo na Lubero hushuka Mambasa ao Bafwasende kutafuta kakao na mafuta ya ngazi. Butembo iko juu, zaidi ya mita 1,700, na mbu si wengi kama porini. Damu ya mtu wa milimani haijazoea malaria, kwa hiyo ikimshika inaweza kumlaza haraka. Tena mdudu hujificha kwanza ndani ya ini: homa huanza siku saba ao zaidi nyuma ya kuumwa, mara nyingi msafiri amekwisha rudi nyumbani.

Hapo wengi hupitia famasi, wanameza vidonge, ndipo wanaenda kupimwa. Ni kujifunga macho. Dawa hupunguza wadudu, mikroskopi haioni kitu, muganga anabaki kutafuta ugonjwa mwingine.

Guti epesi ni tone nene la damu kwenye kioo. Likiwekwa rangi ya Giemsa, chembe nyekundu zinapasuka, wadudu wanabaki kuonekana. Tone jembamba pembeni linaonyesha ni malaria ya aina gani. Jibu moja la "hakuna" halitoshi kama homa inaendelea: sherti kurudia nyuma ya saa 12 mpaka 24. Kipimo cha haraka kinasaidia fasi hakuna umeme, lakini kinashika alama ambayo mdudu ameacha ndani ya damu, na inaweza kubaki majuma kadhaa hata mtu akiwa amepona.

Kuna mgeni mwingine wa pori ambaye guti epesi ya mangaribi inaweza kumkosa: mnyoo wa Loa loa, unaoletwa na nzi anayeuma mchana. Mkono unavimba, uvimbe unahama, siku ingine mnyoo unapita juu ya jicho. Watoto wake hujaa katika damu mchana tu, basi damu itolewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane. Na wanachelewa: miezi mitano, sita ao zaidi nyuma ya kuambukizwa.

Saa hiyo si mchezo. Ivermektini, dawa inayogawiwa juu ya upofu wa mtoni, inaweza kumtia mtu katika koma akiwa na zaidi ya watoto 30,000 wa mnyoo huu katika mililita moja ya damu. Aliyekaa sana porini amwambie mgawaji mbele ya kumeza.